Uzoefu wangu: Kuandaa mkutano wa biashara Bruges, Ubelgiji

Kazi yangu ni kuratibu mikutano inayowakutanisha wauzaji wa mazao kutoka Afrika Mashariki na wanunuzi wa Ulaya. Mingi tumeifanyia kwenye miji mikubwa, katika hoteli zilizo jirani na uwanja wa ndege. Safari hii tuliupeleka Bruges, kaskazini-magharibi mwa Ubelgiji. Kama kuna mratibu mwenzangu anayejiuliza iwapo mji mdogo wa kale unaweza kubeba mkutano wa maana, jibu langu ni ndiyo, tena ndiyo kubwa, mradi idadi iwe ya wastani na mratibu ajue kwamba ugumu hauko ukumbini. Uko kwenye viza, mabasi na mabegi.

Nianze na kilichonipendeza kuliko vyote. Mji wa zamani, ule uliozungukwa na mfereji na ulioingia kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, unautembea wote kwa miguu. Kituo cha treni kiko ukingoni upande wa kusini. Kutoka hapo hadi uwanja wa 't Zand ni mwendo wa dakika kumi hivi, na hadi Markt, uwanja mkuu wenye mnara wa kengele, ni kama dakika ishirini. Ukumbi, malazi na chakula cha jioni vyote vimo humo humo.

Kwenye miji mikubwa, kikao kikivunjwa jioni kila mtu anaingia kwenye teksi na kupotea. Umewalipia watu nauli wavuke bahari wakutane, halafu wanakutana wakati wa chai tu. Bruges hakuna pa kupotelea. Jioni ya kwanza nilimkuta mwenyekiti wa ushirika wa wakulima wa kahawa amesimama darajani na mnunuzi ambaye mchana walipeana kadi na kuachana. Mfuko wa sampuli ulikuwa umewekwa juu ya ukuta wa daraja, mdomo wazi. Mnunuzi alikuwa amechota punje kiganjani, anazigeuza kwa kidole gumba, ananusa, anauliza kimo cha shamba na jinsi zilivyokaushwa. Hakuna ratiba niliyowahi kuandika ikaleta mazungumzo ya namna ile. Kesho yake walikuja wenyewe kuniomba chumba cha faragha.

Na mji wenyewe umezoea shughuli hiyo. Enzi za kati wafanyabiashara wa Hansa, umoja wa miji ya biashara ya kaskazini mwa Ulaya, walikuwa na kituo chao hapa, na Waitaliano walikusanyika mbele ya nyumba ya wageni ya ukoo wa Van der Beurze kubadilishana habari za bei, hati za malipo na shehena. Nyumba hiyo, Ter Beurze, bado inaonekana. Tulifuta hotuba ndefu ya ufunguzi, tukamkodi mwongozaji akawapeleka wajumbe kwenye uwanja ulio mbele ya nyumba hiyo jioni ya kuwasili. Nawashauri mfanye hivyo hivyo. Wakulima wetu waliuliza maswali mengi kuliko kwenye semina yoyote, hasa kuhusu jinsi watu wasiofahamiana walivyokopeshana.

Kwa ukumbi, kuna machaguo mawili makubwa ya kufikiria. Concertgebouw iliyo 't Zand ilifunguliwa mwaka 2002, Bruges ilipokuwa Mji Mkuu wa Utamaduni wa Ulaya. Ukumbi wake mkuu una viti 1,289, na kwa kuwa ulijengwa kwa ajili ya muziki, sauti ya mzungumzaji inafika nyuma bila kuvuma. Cha pili ni kituo cha mikutano cha BMCC pale Beursplein, kilichofunguliwa mwaka 2022, kazi ya msanifu Mreno Eduardo Souto de Moura. Chini kuna ukumbi wa maonyesho wa mita za mraba 4,500 na juu kuna vyumba vya vikao. Sisi tulichukua hiki cha pili, kwa sababu meza za sampuli zilihitaji nafasi na vikao vilihitaji kuwa hatua chache kutoka mezani. Wafanyakazi wake walikuwa wasikivu, na taa, projekta na vinasa sauti havikutusumbua hata mara moja.

Hali ilikuwa tofauti tulipokwenda kwenye jengo la kale. Kikao kimoja cha pembeni tulikipeleka kwenye hoteli iliyo ndani ya nyumba ya miaka mingi. Pazuri mno: dari ya mbao, madirisha ya mfereji. Lakini mlango ni mwembamba na ngazi zinapinda, na kibanda cha wakalimani hakikupita. Mhudumu wa hoteli alikuwa ametuhakikishia kwa barua pepe kwamba vifaa vyote vinapita. Ikabidi wakalimani wakae kona ya chumba wakinong'ona kwenye vinasa sauti, na wajumbe wa safu ya karibu wakasikia lugha mbili kwa wakati mmoja. Ukichagua jengo la namna hiyo, omba upana wa mlango na wa kona ya ngazi kwa sentimita, kwa maandishi. Uliza pia kama kuna lifti inayofika ghorofa ya chumba chenyewe. Nyingi ya nyumba hizi zinalindwa kisheria na haziwezi kubomolewa ukuta ili lifti ipite, kwa hiyo mjumbe mwenye kiti cha magurudumu mpangie malazi yeye kwanza kabla hujampangia mwingine.

Hoteli za katikati nyingi ni ndogo, kwa hiyo usitarajie kuwalaza watu 150 chini ya paa moja. Tuliwagawa kwenye hoteli kadhaa, tukahakikisha ujumbe wa kila nchi unakaa pamoja.

Sasa mabasi. Mabasi makubwa ya kukodi hayaingii mji wa kale; yanaegeshwa nje, karibu na ziwa dogo la Minnewater. Kampuni iliyotuletea wageni kutoka uwanja wa ndege wa Brussels haikututajia jambo hilo. Dereva alishusha watu maegeshoni, akashusha mabegi, akaondoka. Barabara za mji zimetandikwa mawe, na begi la magurudumu lenye kilo 23, nusu yake sampuli, halivutiki juu ya mawe yale, linarukaruka mpaka mkono unakufa ganzi. Wazee wetu wawili waliumia mabega. Tuliita magari madogo, lakini jioni ilikuwa imeshaharibika. Kama ningeulizwa leo, ningewaambia wajumbe wapande treni: kutoka uwanja wa ndege wa Brussels ni kama saa moja na nusu, kutoka kituo cha Brussels-Midi ni kama saa moja, na gari dogo la mizigo liwasubiri kituoni Bruges. Wao watembee mikono mitupu.

Kuhusu tarehe, angalia kalenda ya mji kabla ya kulipa chochote. Siku ya Kupaa kwa Yesu kuna Maandamano ya Damu Takatifu, na barabara za katikati hufungwa. Majira ya joto watalii wa siku moja hufurika, wakiwemo wanaoshuka kwenye meli za kifahari katika bandari ya Zeebrugge. Ukipanga Machi au mwanzoni mwa Novemba, mji unakuwa wenu, ingawa mvua ni jambo la kawaida na wajumbe waambiwe walete viatu visivyoteleza.

Viza ndiyo inayovunja mikutano yetu, na hapa mji mdogo hauna msamaha wowote. Maombi ya viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, yanaweza kupelekwa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasipungue siku 15. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na bima ya afya ya safari lazima ifidie angalau euro 30,000. Uamuzi kwa kawaida hutolewa ndani ya siku 15, lakini unaweza kusogezwa hadi siku 45, kwa hiyo anayesubiri mpaka mwezi wa mwisho anacheza na nauli yake. Barua ya mwaliko iandike jina kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe, hoteli, na nani analipia nini. Inaniuma kusema kwamba hata hivyo wapo wakulima wetu walionyimwa, watu waliokuwa na mzigo tayari ghalani. Kwa ajili yao tulirusha vikao kwa intaneti, na nawasihi waratibu wote watenge fedha za jambo hilo tangu mwanzo.

Siku ya mwisho msiipoteze kwa kufunga mkutano kwa hotuba. Zeebrugge iko ndani ya manispaa ya Bruges, kwa treni si mbali, na tangu mwaka 2022 bandari hiyo imeungana na ya Antwerp. Omba ziara mapema kupitia bandari yenyewe. Mkulima anayelalamikiwa kila msimu kwamba kontena lake limefika na unyevu alisimama mbele ya makontena, akamwuliza mtu wa bandari maswali yake mwenyewe, bila mimi wala dalali katikati, akaandika majibu nyuma ya ratiba yetu mpaka karatasi ikajaa.