Woki ipi inafaa mbabula? Mwongozo wa kununua kwa wapishi wa Lubumbashi

Vyakula vya Kichina vya haraka, vile vya kukaanga nyama na mboga kwa dakika chache, vinapikika Lubumbashi bila taabu kubwa. Kabichi ya Kichina inalimwa hapa hapa kwenye bustani za mji na za pembeni, na wamama wanaiuza kwa mafungu sokoni. Tangawizi ipo, kitunguu saumu kipo, mayai na mchele vipo. Hata matembele, huko China wanayakaanga kwa saumu na chumvi, basi. Kinachokwamisha watu ni chombo. Mtu anamaliza hela kwenye chupa za sosi, halafu anapikia kwenye sufuria isiyovumilia moto, na nyama inaelea kwenye maji yake yenyewe.

Kwa hiyo naanza na chombo, yaani woki, lile karai la Kichina la kukaangia. Orodha hii nimeipanga nikimfikiria mtu anayepikia mbabula, jiko la makala (makaa), siku nyingi, na resho pale umeme unapokubali. Bei sikuziandika kwa faranga, maana vitu hivi vingi vinapita mpakani Kasumbalesa na vinafuata dola. Bei ya Jumatatu siyo ya Ijumaa. Nitasema tu kipi ni ghali kuliko kipi.

Jambo moja kabla ya orodha. Upishi huu unataka moto mkali na muda mfupi. Moto ukiwa mdogo, au nyama ikiwa nyingi, maji yanatoka haraka kuliko yanavyokauka, na hapo hukaangi tena, unachemsha. Makala yaliyoshika vizuri, ukiyapepea, yana moto kushinda resho nyingi za nyumbani. Mwenye mbabula asijione maskini mbele ya mwenye jiko la kioo. Kwa kazi hii, yeye ndiye yuko mbele.

1. Woki ya chuma cha kawaida, kitako cha duara

Hii ndiyo ya kununua, na sina wa kushindana nayo. Ni bati la chuma lisilopakwa kitu, lile linaloshika kutu likiachwa na maji. Kwenye boksi, kama boksi lipo, tafuta maneno "acier au carbone" au "acier" peke yake. Ikiwa mpya inaweza kuwa ya kijivu. Weusi unakuja kwa kupika. Kitako chake cha duara kinakaa ndani ya mdomo wa mbabula, moto unakumbatia kitako na ubavu pamoja, na chakula kikisukumwa pembeni kinateremka chenyewe kurudi katikati. Na mara nyingi bei yake ni rahisi kuliko ya inoksi, ile isiyoshika kutu.

Sokoni, nenda na sumaku. Ile ya spika iliyokufa inatosha. Ikinata kwa nguvu, ni chuma. Isiponata kabisa, ni alumini, au ni inoksi ya aina isiyoshika sumaku. Muuzaji atakuambia, "Yaya, hii ni ya Wachina benyewe, ona vile inangaa!" Kung'aa hakukusaidii kitu. Angalia unene: milimita moja na nusu hivi ndiyo kadiri nzuri. Huna rula? Bonyeza ubavu kwa vidole gumba viwili. Ukiingia ndani kama bati la kopo, rudisha. Halafu shika mpini, tikisa. Mpini uliofungwa kwa ribiti mbili au tatu utadumu; uliobandikwa kwa nukta moja ya kulehemu utakuachia siku mafuta yamechemka, na hiyo siyo ajali ya kuchezea.

Mipini iko ya namna mbili. Ule mmoja mrefu ni wa kaskazini mwa China, na yale masikio mawili mafupi ni ya Kikantoni. Kwa mbabula nachagua mrefu, wenye mbao mwishoni. Masikio yanakaa karibu mno na makala, na kila ukitaka kugeuza unatafuta kitambaa.

Ukubwa: sentimita 32 hadi 34 za mdomo. Najua nyumba zetu zina watu wanane, na kishawishi ni kuchukua kubwa kabisa. Usichukue. Woki kubwa iliyojaa juu ya mbabula ndogo inapoa katikati, na unarudi kwenye kuchemsha. Afadhali kupika mara mbili. Kila zamu ni dakika nne au tano, na ya kwanza haipoi kabla ya ya pili kuiva.

Sasa, woki hii haipikiwi siku inaponunuliwa. Imepakwa mafuta ya kiwandani ya kuzuia kutu, na hayo lazima yatoke. Ioshe kwa maji ya moto na sabuni, usugue kwa sugulio la chuma ndani na nje. Kisha washa makala uani, siyo ndani, maana moshi utakuwepo. Weka woki tupu, igeuze upande kwa upande. Utaona rangi ikitembea: kijivu kinakuwa manjano, manjano inakuwa kahawia, mwisho inakuja bluu. Ikifika bluu kila mahali, itoe, ngoja ipoe kidogo, ipake mafuta meupe ya kupikia kwa kitambaa. Halafu chukua kitambaa kikavu uyafute kana kwamba ulikosea kuyapaka. Yanayobaki ndiyo yanayotakiwa. Rudisha motoni mpaka moshi ukome, kisha rudia mara tatu au nne. Wengi wanaharibu hapa: wanaacha mafuta yamejaa, yanageuka gundi, na wanasema woki ni mbovu. Mawese yaache kwa sombe. Yana rangi na ladha yake, na hapa tunataka chombo kisichosema kitu.

Baada ya kila mapishi, maji ya moto na brashi, uikaushe juu ya makala yanayobaki, upake mafuta kidogo. Kuanzia Novemba mpaka Aprili, mvua zinaponyesha na nyumba ina unyevu, usiruke hatua hiyo. Nyanya na siki usizichemshe humo kwa muda mrefu, zinavua ule weusi ulioutafuta kwa moshi.

2. Chuma hicho hicho, kitako bapa

Hii ni ya mwenye resho ya umeme au gesi. Woki ya duara juu ya resho bapa inagusa mahali padogo tu, inayumba, na moto mwingi unapotea. Ukipika pande zote mbili, umeme leo na makala kesho, nunua bapa na usijisumbue. Juu ya mbabula inakaa pia, ila chakula kinajikusanya kwenye kona ya kitako na lazima ukifuate kwa kijiko. Mengine yote, sumaku, ribiti, kuchoma, ni sawa na ya kwanza.

3. Sufuria ya alumini uliyonayo tayari

Ya tatu siyo ya kununua. Ni kukuambia usione aibu kuanza na ile iliyopo. Alumini inapitisha joto vizuri, karibu mara nne ya chuma, kwa hiyo inapata moto haraka. Tatizo ni kwamba yai na wali vinanata, na ukisahau sufuria nyembamba tupu motoni inapinda. Alumini inayeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, na makala yaliyopulizwa sana yanaweza kuvuka hapo.

Ila kuna alumini na alumini. Ile ya kiwandani ni kitu kimoja; ile nzito inayoyeyushwa na mafundi kutoka vipande vya injini na vyuma chakavu ni kitu kingine. Mwaka 2014 watafiti walichapisha vipimo vya masufuria ya namna hiyo kutoka Kameruni, na walikuta risasi, ile metali yenye sumu, inatoka kwenye sufuria na kuingia katika kimiminika chenye asidi. Siki, ndimu na nyanya ni asidi. Kama una sufuria hiyo, chemshia maji ya kuoga, na chakula cha siki na sukari kitafutie chombo kingine.

4. Inoksi

Nzuri kwa mchuzi, kwa siki, kwa kuchemsha tambi. Kwa kukaanga wali ni mateso; unanata, unakwangua, unakasirika. Inaweza kufanya kazi ukiipasha kwanza mpaka tone la maji likimbie juu yake, ndipo uweke mafuta. Lakini ni ghali kuliko woki ya chuma, na inafanya kazi hii vibaya zaidi. Ukiwa nayo, itumie. Kuinunulia kazi hii, hapana.

5. Chuma kizito cha kumiminwa

Kinatunza joto vizuri ajabu, na hapo hapo ndipo kasoro yake ilipo: kinachukua muda mrefu kupata moto, kinakula makala, na huwezi kukinyanyua kwa mkono mmoja kutikisa chakula. Kikianguka kwenye sakafu ya saruji kinaweza kupasuka.

6. Kikaango kisichonata, cha tefloni

Kimepambwa, chepesi, kina boksi lenye picha ya yai linaloteleza, na kwa mbabula ni cha mwisho kabisa. Ule utando mweusi unaanza kuharibika kwenye nyuzi 260 hivi, na kikaango kitupu juu ya makala kinapita hapo ndani ya dakika chache. Utando ukiungua sana unatoa mvuke mbaya. Ndege wa kufugwa wanakufa nao, kwa hiyo mwenye kasuku nyumbani asikie. Isitoshe, kijiko cha chuma kinaukwangua. Kwenye resho, moto mdogo, yai la asubuhi, sawa. Jihadhari na vikaango vyeusi vinavyouzwa kama woki ya chuma: ukiona "antiadhésif" kwenye karatasi, au ndani ni laini kama rangi iliyopakwa, ndicho hicho.

Sosi: chupa moja, basi

Ukishapata chombo, usikimbilie rafu nzima. Chupa ya kwanza, na kwa miezi kadhaa chupa pekee, ni mchuzi wa soya mwepesi. Kwenye chupa za Kichina tafuta alama 生抽. Zile zenye 老抽 ni mchuzi mzito, mweusi, wenye utamu kidogo. Huo ni wa rangi, na matone machache yanatosha sufuria nzima. Anayenunua mweusi akidhani ndio wenyewe, wali wake unatoka kama makala na hauna chumvi ya kutosha.

Geuza chupa usome nyuma. Nzuri inataja maji, soya, ngano na chumvi, na pengine sukari. Ukisoma "protéines végétales hydrolysées" na rangi ya karameli mwanzoni mwa orodha, hiyo haikuchachushwa, imepikwa haraka kiwandani. Ladha yake ni kali na fupi. Bei zikikaribiana, lipa kidogo zaidi upate ya kuchachusha.

Kijiko kimoja cha mezani kina karibu gramu moja ya sodiamu. Kwa hiyo chumvi usiweke, na kipande cha Maggi usiweke pia, maana nacho ni chumvi na glutamati. Wenye tansio (presha) wahesabu vizuri.

Sosi ya chaza, ile iliyoanzishwa Guangdong mwaka 1888 na mwanzilishi wa Lee Kum Kee, ni tamu kwa kabichi ya Kichina, lakini ingoje mwezi wa pili. Mafuta ya ufuta ni ghali na siyo ya kukaangia; ni kijiko kidogo mwishoni, sufuria ikishatoka motoni. Tambi za Kichina sikushauri ununue kabisa kama spageti ipo nyumbani. Tia kijiko kimoja cha chai cha baikaboneti kwa kila lita ya maji ya kuchemshia, na spageti itatoka na ule ugumu na ile harufu ya tambi za Kichina. Maji yatafura povu, kwa hiyo usijaze sufuria.

Ukiuziwa iliyotumika

Woki ya chuma iliyotumika mara nyingi ni bora kuliko mpya, na kutu isikutishe. Kutu ya juu inasuguliwa na sugulio la chuma kwa nusu saa, kisha unachoma upya kama nilivyoeleza. Kinachofanya niirudishe ni vitu vitatu. Matundu madogo ya kutu yaliyoingia ndani, ambayo ukucha unayasikia. Mpini unaocheza kwenye ribiti. Na kitako kilichopinda: weka ile ya bapa juu ya meza ya muuzaji, bonyeza ukingo mmoja, na kama upande wa pili unanyanyuka, itakuchezea kwenye resho kila siku. Ya duara hiyo haina shida. Hata ikiwa na bonde dogo, fundi wa bati anaigonga kwa nyundo ukiwa unasubiri.