Lenzi ya 50mm f/1.8 kwenye taarabu: uzoefu wangu Ngome Kongwe

Kama unapiga picha za muziki usiku hapa Unguja na mfuko hauruhusu lenzi kubwa, anza na hii. Ni ile lenzi ndogo isiyovuta, ya bei ya chini, ambayo kampuni nyingi za kamera zinayo. Mimi naitumia kwenye kamera ya sensa ya APS-C, yaani sensa ndogo kuliko ile ya "full frame", kwa hiyo inasogeza kitu karibu kama lenzi ya 80mm hivi kwenye hiyo kubwa.

Kwanza mwanga (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni kubwa). Lenzi inayokuja na kamera, ukiivuta mpaka mwisho, mara nyingi haifunguki zaidi ya f/5.6; hii kwa f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi ya huo. Ndani ya Ngome Kongwe, khasa usiku wa tamasha la Sauti za Busara, taa zinamwangaza mwimbaji na wapiga fidla wanabaki kizani. Flashi siitumii kabisa. Inawakera wanamuziki na inaua rangi zote za jukwaa.

Lakini khasa naipendea pembe. Ukisimama katikati, maikrofoni inamziba mwimbaji mdomo, na simu zote zinapiga picha hiyo hiyo. Nenda ubavuni, upande usio na mkono wa maikrofoni, uchuchumae. Hapo unampata yeye na safu ya fidla nyuma yake. Watu wakianza kupanda kutuza, usiharakishe: mkono wenye noti huingia kwenye picha kabla ya mwenyewe, na uso wa mwimbaji hubadilika papo hapo. Ndiyo picha ya taarabu hiyo!

Pembe nyingine ni juu ya bega la mpiga ganuni, ile ala bapa ya nyuzi nyingi, wakati wanajaribu sauti, ukishaomba ruhusa. Vidole vyake vya shahada vimevaa pete zenye kipande kidogo cha kudonolea nyuzi, na mikono haitulii. Kwa f/1.8 mkono mmoja utatoka wazi na wa pili ukungu, kwa sababu hata ukiwa mita 2 eneo lililo wazi ni kama sentimita 11 tu. Hapo napanda f/2.8, eneo hilo liongezeke.

Kasoro zipo. Fokasi inahangaika kwenye kiza, kwa hiyo nailenga pale nguo nyeusi inapokutana na shingo yenye mwanga. Yangu haina kituliza mtikisiko. Kusimamisha upinde wa fidla nataka kasi ya shata ya 1/250 ya sekunde, ila taa za LED zikianza kuacha mistari kwenye picha narudi 1/100, maana umeme wetu ni wa hezi 50 na taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde, na shata ya kielektroniki naizima.

Ukiinunua iliyotumika, imulike kwa tochi kutoka nyuma uangalie kuvu; unyevu wa pwani hauna huruma. Yangu inalala kwenye mkebe wa plastiki wenye vipakiti vya silika jeli.