Matembezi ya reli Mombasa: Nairobi ilivyozaliwa kutoka kwetu

Kampuni moja ndogo ya kutembeza wageni katika Mji wa Kale ina huduma ya matembezi ya asubuhi yanayosimulia namna Nairobi ilivyozaliwa, na kwa maoni yangu wanaostahili kuyawahi mwanzo ni wakazi wa Mombasa wenyewe. Msafara huanzia mbele ya Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, lakini hapo hapakaliwi sana.

Uzito wa masimulizi uko kwenye reli. Kijana aliyetuongoza, ambaye Kiswahili chake kimenyooka, alitutolea picha ya vigari vyenye vipaa vya kivuli, vikisukumwa na watu juu ya reli nyembamba katika barabara za mji huu huu. Tulipofika karibu na stesheni ya zamani, alitoa kamba yenye urefu wa mita moja kamili, akashika ncha moja na kumpa mzee mmoja ncha ya pili, tukauona kwa macho upana wa njia iliyoanza kujengwa kutoka hapa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Alieleza kwamba vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India na kwamba takriban 2,500 kati yao walifariki. Kisha akafafanua kuwa Nairobi ilichaguliwa kuwa kituo kwa sababu palikuwa na maji na ardhi tambarare kabla ya njia kuanza kuupanda mlima kuelekea Bonde la Ufa. Sijapata kusikia jambo hili likielezwa kwa uwazi kiasi hicho.

Kasoro ilijitokeza mzee yule alipouliza, "Mwanangu, na makao makuu yalituhamaje?" Kijana alijibu, "Mwaka 1905, babu," akaendelea na safari. Jibu ni sahihi, ila halitoshi. Mombasa ilikuwa makao makuu ya himaya ya Waingereza ya Afrika Mashariki, tena ndani ya ukanda wa pwani uliohesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar hadi mwaka 1963, na kuhamia bara kulikwenda sambamba na reli na walowezi waliotaka mashamba ya nyanda za juu. Vilevile, kuchomwa kwa soko la Wahindi la Nairobi kwa sababu ya tauni mwaka 1902, na mji huo kupewa hadhi ya jiji mwaka 1950, vilitajwa kwa pumzi moja.

Bei ni ya haki, kwa kuwa ndani yake mna kahawa chungu na mahamri, na wasioweza kutembea hadi stesheni hupandishwa tuktuk bila malipo ya ziada. Mwalimu anayekusudia kuwapeleka wanafunzi na amwombe mwongozaji mapema atenge muda wa kulieleza suala la mwaka 1905, na waondoke kabla jua halijakuwa kali, kwani njiani vivuli ni vichache.