Nauli za London: kipi ununue, kipi uache

Anayejiandaa kwenda London kutembea huhangaikia viza (ile ya Schengen haimwingizi Uingereza, ajue mapema), tiketi ya ndege na pa kulala. Nauli za ndani ya mji huzikumbuka akiwa tayari uwanja wa ndege, macho mazito, foleni iko nyuma yake, na hapo hununua chochote anachoonyeshwa. Ndivyo ilivyonipata mara ya kwanza, nilipomsindikiza shangazi kumtembelea binamu yangu. Siku mbili tulilipa karibu mara mbili ya ilivyohitajika, na shangazi aliona uchungu kila tulipopita getini.

Nimerudi mara kadhaa tangu hapo. Huu ndio mpangilio wangu, kinachofaa zaidi kikitangulia, na namfikiria msafiri anayetoka Dar, Mombasa au Kampala. Bei nilizoandika ni za 2025.

Kwanza jua mashine inavyohesabu. Mji umegawanywa kanda zinazozungukana, ya 1 ikiwa katikati kabisa. Big Ben, jumba la Buckingham, Tower of London na British Museum, zote zimo kanda ya 1. Kwenye treni ya chini ya ardhi unagusa kadi ukiingia na unaigusa tena ukitoka. Ukisahau kugusa wakati wa kutoka, unatozwa nauli ya juu kabisa. Kwenye basi unagusa mara moja tu, unapopanda. Mfumo unajumlisha safari zako za siku, na ukifika kikomo haukutozi zaidi hata ukizunguka mpaka usiku wa manane. Kikomo cha kanda ya 1 na 2 ni pauni 8.90. Ukipanda mabasi peke yake ni pauni 5.25.

Na mabasi ndiyo siri ya mji ule. Basi moja ni pauni 1.75, uende vituo viwili au uvuke nusu ya London, na ndani ya saa moja tangu ulipogusa mara ya kwanza unabadili mabasi upendavyo bila kulipa tena. Usimtafute konda, wala usimpe dereva noti. Fedha taslimu hawapokei tangu Julai 2014.

1. Kadi ya Oyster yenye salio

Ni kadi ya plastiki unayoinunua kwenye mashine za vituo vya treni za chini ya ardhi, kisha unaijaza salio kama unavyojaza simu. Kadi yenyewe ni pauni 10 tangu Septemba 2025, na hiyo hairudi. Wengi wanaoandikia watalii wa Marekani au Ulaya huiweka ya pili kwa sababu hiyo. Mimi naiweka ya kwanza, na nina sababu.

Kadi zetu za benki hukatwa kwa shilingi, na benki nyingi huongeza ada ya kubadilisha fedha juu ya kiwango ambacho tayari si kizuri. Tena benki inaweza kuifunga kadi ghafla kwa kuona inatumika nchi ya mbali. Yangu iligoma getini saa mbili asubuhi, watu wanaowahi kazini wamejaa nyuma yangu, na simu ya huduma kwa wateja nyumbani haipokelewi. Oyster unaijaza kwa pauni taslimu ulizobadilisha kabla ya kuondoka, unajua kilichomo, na hakuna wa kuifunga.

Sababu ya pili ni watoto. Wa chini ya miaka 11 hawalipi basi, na kwenye treni ya chini ya ardhi mtu mzima anayelipa anaweza kupita na wanne bure. Wenye miaka 11 hadi 15 hupata nusu bei, lakini sharti wawe na Oyster, na umwombe mfanyakazi wa kituoni awawekee punguzo hilo. Mashine hailiweki yenyewe. Punguzo linadumu hadi siku 14, na ukikaa kimya mtoto wako analipa kama wewe.

2. Kadi ya benki ya kugusa

Nauli ni zilezile za Oyster na vikomo vilevile, bila pauni 10 za kadi. Kwa anayekaa siku mbili, au aliye na akaunti ya pauni, dola au euro, hii ndiyo bora na asisumbuke na nyingine. Makato ya siku huja kwa mkupuo mmoja. Angalia alama ya mawimbi manne usoni mwa kadi; bila hiyo geti halifunguki. Iarifu benki yako kabla ya safari.

Kila mtu awe na kadi yake. Mume na mke hawawezi kupita kwa kadi moja. Tena ukianza siku kwa kadi, imalize kwa kadi hiyohiyo. Ukigusa kadi asubuhi na simu mchana, mfumo unakuona watu wawili, na huenda usifikie kikomo chochote.

Kadi pepe ya M-Pesa inafaa kulipia mtandaoni tiketi za makumbusho na minara. Getini usiitegemee.

3. Tiketi ya siku ya karatasi

Hii ndiyo niliyouziwa mimi. Inaitwa Travelcard, na ile ya siku moja kwa mtu mzima huzidi pauni 15, wakati anayezunguka kanda ya 1 na 2 kwa Oyster hawezi kupita 8.90. Inafaa kwa wachache sana.

Kama jamaa zako wanaishi pembezoni mwa mji, na wetu wengi wanaishi huko kwa sababu ya kodi za nyumba, jaribu kuingia mjini kwa basi siku usiyo na haraka. Utatumia saa nzima au zaidi, lakini kikomo chako kinabaki pauni 5.25. Treni ukiipanda, epuka siku za kazi kati ya saa 12:30 na saa 3:30 asubuhi, na saa 10 jioni hadi saa 1 usiku. Nauli hupanda na pa kusimama hapapatikani.

4. Basi la watalii lililo wazi juu

Mara nyingi huzidi pauni 30 kwa mtu. Sikushauri. Panda namba 15 pale Trafalgar Square, kaa ghorofa ya juu mbele kabisa, utapita Fleet Street na kanisa la St Paul's mpaka Tower of London kwa pauni 1.75. Namba 24 inateremka kutoka Camden, inapita Trafalgar Square na kukushusha Westminster. Pesa iliyobaki inamtosha mtu mmoja kuingia Westminster Abbey, ambako kiingilio ni kama pauni 30.

Pasi za vivutio ziache pia, isipokuwa unaweza kuingia sehemu tatu nne za kulipia kwa siku moja. Makumbusho makubwa ni bure: British Museum, National Gallery, Tate Modern, Natural History Museum. Ukitoka British Museum, chuo cha SOAS kiko hatua chache tu. Maktaba yake imehifadhi miswada ya tenzi zetu kwa hati za Kiarabu, pamoja na mashairi ya Muyaka wa Mombasa. Mimi nilisimama nje ya lango lile nikasisimka.

Kutoka uwanja wa ndege wa Heathrow

Treni ya chini ya ardhi ya Piccadilly ni pauni 5.80 mpaka katikati, karibu saa nzima, na ndiyo nauli yangu. Treni ya Elizabeth ni pauni 13.90, haraka zaidi, na ina nafasi ya masanduku. Kwa mzee au mama mwenye mtoto mchanga nalipa bila kusita. Treni ya Heathrow Express hukufikisha kituo cha Paddington kwa dakika 15 kwa kama pauni 25. Sijaona safari ya matembezi iliyohitaji haraka hiyo. Zote tatu zinapokea kadi ya benki na Oyster. Ukitua uwanja wa ndege wa Luton, Oyster haifanyi kazi huko, kwa hiyo uwe na kadi ya benki.

Siku ya kuondoka usiitupe Oyster yako. Salio lake haliishi muda, na mtu mwingine anaweza kuitumia. Ile ya shangazi iko kwa binamu yangu, kwenye droo ya jikoni, jina la shangazi limeandikwa kwa kalamu ya wino mgongoni. Ndugu watatu wameshaitumia, na wa nne anakwenda Desemba.