Kampuni ya kutafutia watu kazi: nyota moja, au tatu, wallahi sijui

Wacha niandike hasira ikiwa bado moto, maanake ikipoa ntawahurumia tena nifute. Nazungumzia hizi kampuni za kutafutia watu kazi, watoa mia tano ya kujiandikisha kwa M-Pesa, wajaza fomu, waacha sivii, halafu kila mwezi walipa mia mbili uwe waletewa meseji za kazi kwa simu. Jina lao silitaji, wenyewe wanajijua.

Mie ni mpishi. Nimepika hoteli za Nyali na Bamburi hapa Mombasa tangu wanangu wadogo, samaki wa kupaka, biriani ya harusi ya watu mia tatu, bufee ya asubuhi ya wazungu, yote nimepitia. Hoteli niliyokuwa ikafunga jiko moja mvua zilipoanza, sisi wa mkataba tukaambiwa "mtapigiwa simu", na mtu yeyote aliyefanya hoteli huku pwani ajua hiyo simu ya mwezi wa nne ina maana gani. Ndio nikajiandikisha kwa hawa. Na fomu nilijaza vizuri, kazi: mpishi, herufi kubwa, binti yangu yuko saiba Mwembe Tayari ndiye aliyenichapishia sivii.

Sasa sikilizeni. Jioni moja niko mlangoni nakaanga viazi karai, maanake lazima tule, simu yalia, nambari ngeni. Naweka spika kwa sababu mikono ina unga. Msichana, sauti ndogo. Hakuna salaam aleikum, hakuna hujambo mama, hakuna hata kuuliza aongea na nani. Neno la kwanza kabisa: "Wee mama, mbona umetuangusha hivi?" Nikadhani ni wa chama, labda nimesahau mchango wa mtu. Akaendelea, intavyu ilikuwa saa tatu asubuhi Changamwe, klaenti amengoja, wewe hukutokea, unajua umetuharibia jina? Nikamuuliza mwanangu, intavyu ya nini? "Ya kuendesha foklifti."

Foklifti! Mie, umri huu, magoti haya, kupanda matatu tu naomba dua, eti nikainue mapaleti kwenye godauni Changamwe. Hata gari siwezi kuendesha. Nikamwambia kwa upole kabisa, mwanangu hapo mmekosea mtu, mie mpishi, na ile meseji yenu ilipokuja niliijibu nikaandika HAPANA na sababu nikaeleza. Mnajua alinijibu nini? "Mfumo unahesabu jibu lolote kuwa umekubali." Jibu lolote! Yaani ungewaandikia kuwa umekufa jana wangekuandika umethibitisha utakuja. Nikamuuliza na nisingejibu je? "Ungeandikwa hujali kazi." Basi nikacheka, kweli nilicheka, na nadhani ndicho kilichomuudhi, maanake ndipo akatoa lile neno ambalo mpaka leo nikiinjika sufuria nalisikia: "Ndio maana nyinyi watu wa huku hamna kazi, mnapenda kuchagua."

Watu wa huku. Huku wapi? Si huku huku anakopokea mshahara wake kwa mia tano zetu? Hili neno tumelisikia tangu tuko wadogo, mtu wa pwani mvivu, mtu wa pwani alala chini ya mnazi, na wanaolisema wakija likizo ni nani huamka saa kumi ya usiku kuwapikia hayo mayai? Nimeshika shifti ya asubuhi miaka na miaka, natoka Kisauni giza totoro natembea mpaka steji nikiomba Mungu nisikutane na vijana wa panga, saa kumi na moja jiko limewaka. Halafu mtoto asiyejua hata kusalimu aniambie napenda kuchagua. Kuchagua nini, foklifti na winchi? Nilitaka kumjibu, ulimi ukanishika, akakata simu yeye. Viazi vikaungua. Karai zima. Hiyo pia naiweka kwenye deni lao.

Na si kwamba foklifti ilikuwa ya kwanza. Kabla ya hapo nishaletewa opereta wa winchi, dereva wa trela wa kwenda Malaba, mwalimu wa fizikia, na mlinzi wa usiku Shimanzi "awe mwanamume, urefu usiopungua futi sita", na mwanzo wa meseji majina yangu yote matatu yameandikwa na "Mpendwa Bi." mbele yake. Bi., futi sita, mwanamume. Nani aliisoma hiyo kabla ya kuituma? Nyengine sitawalaumu wao, ni waajiri wenyewe wamerukwa na akili, mtu ataka kijana wa miaka 22 mpaka 25 mwenye uzoefu wa miaka kumi, yaani alianza kazi akiwa darasa la sita? Mwengine ataka mfagiaji mwenye diploma. Wote wataka cheti cha tabia njema cha polisi, 1,050 hiyo kwa eCitizen, ile tovuti ya serikali, kabla hata hujaulizwa waitwa nani, na sisi wa jikoni tuongeze cheti cha afya ambacho kila miezi sita ni kupimwa upya. Mtu atafuta kazi kwa kuwa hana pesa, na kazi yenyewe yaanza kwa kumla pesa.

Haya, sasa nije kwa lile linalonichanganya, maanake kama ningekuwa mtu wa kusema uongo ningeishia hapa niwape nyota moja nikalale.

Ile meseji ya foklifti, nilipojibu HAPANA, nilimtumia pia mtoto wa dadangu. Huyu kijana ana leseni ya klasi G ya mashine hizo, alijisomesha mwenyewe, lakini alikuwa afanya vibarua tu, leo yupo kesho hayupo. Akaenda Changamwe asubuhi ile ile. Mie jioni nagombezwa kwenye simu kuwa sikutokea, kumbe mwenzangu asubuhi alishapanda mashine akajaribiwa! Alipokuja kunihadithia tulicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Asema, mamdogo, watu waliotumwa na ile kampuni walikuwa fundi cherehani, kinyozi, na mzee mmoja aliyesema yeye ni fundi wa mabomba lakini ameitwa akaona aje tu asikie. Bosi wa godauni akawaangalia, akashika kichwa, akauliza kuna yeyote hapa aliyewahi kugusa foklifti? Kijana wetu akainua mkono. Kazi akapata, mkataba, overoli, buti za chuma mbele. Dadangu alilia.

Tangu hapo mlango wangu umekuwa ofisi. Kila meseji ikija natoka nje nauliza, jamani nani ajua kuchomelea? Ya hauskipa nilimpa binti wa jirani wa juu, akaitwa Bamburi, yuko mpaka sasa. Ya dereva wa tuktuk ilichukuliwa na mume wa muuza mbaazi. Binti yangu alipoona navyoteseka akataka kunizimia hizo meseji, alishaanza kubonyeza *456*9*5# ya Safaricom anitoe, nikamnyang'anya simu. Mtaa mzima wangenigombania! Ela kuna zile nyengine, za "hongera umepata kazi tuma 2,000 ya medikal na yunifomu", hizo si za hawa, hizo ni za wezi, na ukiziona zipeleke 333 ya Safaricom wala usimtumie jirani. Na za Saudia nazo sizigawi mpaka wakala aonekane amesajiliwa NEA, ile mamlaka ya ajira ya serikali, tumeshazika huzuni za kutosha hapa mtaani. Hawa wangu cheti cha NEA wanacho, nimekiona kwa macho yangu kimetundikwa ukutani. Matapeli si matapeli. Ni watu wasiosoma wanachotuma.

Nimekionaje? Nilienda. "Watu wa huku" ilinikera mpaka nikashindwa, nikamchukua binti yangu tukaenda town, jengo moja nyuma ya Moi Avenue, orofa ya juu, lifti mbovu bila shaka. Yule msichana hakuwepo, au alikuwepo akajificha, tukaonyeshwa kijana mmoja mpole mwenye kompyuta, na huyo wallahi sina neno naye, alisimama akanipa kiti. Binti yangu akamwomba afungue faili letu. Akafungua Excel, ile programu ya majedwali. Jina langu, sawa. Nambari yangu, sawa. Kazi: mekanika wa dizeli. Binti yangu akauliza, wewe ukitaka madereva wote wakae pamoja wafanyaje? Kijana akamwonyesha kwa fahari: achagua ile safu ya kazi, peke yake, apanga A mpaka Z. Excel yenyewe yamuuliza, wataka na safu za pembeni zihame pamoja? Yeye abonyeza hapana, aendelea. Majina yabaki pale pale, kazi zaruka. Binti yangu akanifafanulia, mama ni kama umesukuma vifuniko vyote vya sufuria hatua moja, kila sufuria ina mfuniko wa mwenziwe. Na kila wakijiandikisha watu wapya apanga tena, ahifadhi tena. Ndio maana leo mie dereva, kesho mlinzi, keshokutwa mwalimu wa fizikia. Mamia ya watu Mombasa hii kazi zao zimerushwa hewani kila Jumatatu, halafu wapigiwa simu wagombezwe hawakutokea!

Nikamwambia mwanangu, basi niangalizie, kuna mtu hapo ameandikwa mpishi. Akaangalia, akasema ndio, wako kadhaa. Nikamwambia nipe nambari zao, nina hakika hawajui hata kupika chai, niwaulize kama wameletewa kazi yangu. Akanyooka kitini akasema haiwezekani, sheria ya kulinda data ya 2019 hairuhusu kutoa habari za mteja kwa mtu mwengine. Hapo kweli kasema sawa. Lakini binti yangu naye akamwambia sheria hiyo hiyo inampa mama haki habari zake zisahihishwe, haya andika mpishi. Akaandika mpishi. Tukashuka ngazi tumefurahi, nikamnunulia maji ya dafu, nikasema hawa watu si wabaya, nikirudi nyumbani nawapa nne.

Jumatatu akapanga upya. Nikawa fundi wa lifti.

Hiyo ningesamehe, labda lifti yao wenyewe ndiyo yataka fundi. Lakini juzi juzi simu ikalia tena. Yule yule. Hana salamu, bado hana salamu! Asema wamegundua kijana fulani ameajiriwa na klaenti wao Changamwe bila kupitia kwao, na kwamba meseji yao mie ndiye niliyemtumia, kwa hivyo nimefanya kazi ya uwakala bila idhini, na kampuni inadai asilimia ya mshahara wa kwanza, nilipe mie au alipe yeye. Nikamuuliza taratibu, maanake safari hii sikuwa na viazi motoni, mwanangu, si ulisema mie sikutokea? Akanyamaza. Nikamwambia, nyinyi mlimpelekea yule bosi kinyozi. Mie mtu wa huku, ninayependa kuchagua, nilimpelekea dereva wa foklifti. Kama kuna asilimia ya kulipwa, haya nambari yangu ya M-Pesa mnayo, ndicho kitu pekee changu kwenye faili lenu ambacho hakijahama. Akakata. Safari hii niliuona mlango wa nyumba unacheza kwa kicheko cha jirani wa juu, kumbe asikiliza yote.

Sasa nyota. Nilipoanza kuandika ilikuwa moja. Nikimfikiria mtoto wa dadangu na zile buti zake nasema tatu, hata tatu na nusu, maanake niambie ni ofisi gani nyengine kwa mia mbili kwa mwezi imewapa kazi watu wa mtaa wetu hivi. Ila hawakuwapa wao, niliwapa mie, kwa meseji zao, na mwenyewe bado nakaanga viazi. Na nikilikumbuka lile neno nazirudisha zote. Mkitaka kujiandikisha jiandikisheni, ila mjue mtakuwa mwasomea majirani, na yule msichana akipiga simu msipokee mkiwa jikoni.

Na nyinyi wengine mliojiandikisha huko, kinyozi, fundi bomba, msusi, yeyote wiki hii aliyeletewa kazi ya mpishi wa hoteli, ikiwa ya Diani nitavuka feri, ikiwa ya Watamu nitapanda matatu, nitakuja, msiijibu tafadhali, mkijibu mmekubali. Nitumieni mie. Zenu huenda ninazo. Leo asubuhi nimeletewa ya mpiga mbizi wa kukagua meli chini ya maji, awe na vifaa vyake, mwenyewe ajitokeze upesi kabla sijapigiwa.