Jiko la presha la umeme kwa mama lishe: tathmini baada ya miezi saba

Kwa miezi saba sasa ninapikia biashara yangu ya chakula hapa Dar es Salaam kwa jiko la presha la umeme la lita 6, lenye nguvu ya wati 1,000, na ninaandika tathmini hii kwa ajili ya mama lishe na baba lishe wenzangu ambao mapato yao yanaishia kwenye mkaa.

Nilipoanza kuandika daftarini kila shilingi inayotoka, nilibaini kwamba mkaa haukuniumiza kwa bei yake peke yake. Kilo moja ya maharage ilichukua saa mbili na zaidi, na yakishaepuliwa, moto uliobaki uliendelea kuwaka bila chungu juu yake, ilhali nilikuwa nimeulipia. Katika jiko hili, maharage yaliyolowekwa usiku huiva kwa dakika 30 hivi. Siku moja nilizima vifaa vingine vyote, nikasoma mita ya LUKU kabla na baada ya kupika: nusu uniti haikufika, na kwa bei ya kawaida inayozidi kidogo shilingi 350 kwa uniti, hiyo haifiki shilingi 200. Makongoro, ambayo zamani yaliniamsha saa tisa usiku, sasa ninayabandika saa kumi na moja alfajiri.

Kasoro zipo, nazo si ndogo. Maharage huvimba na kutoa povu, kwa hiyo chungu kisijazwe kupita nusu, na mwenye wateja wengi itambidi apike mara mbili. Mpira wa mfuniko hushika harufu. Nilipopika wali baada ya utumbo, mteja aliurudisha, na haki yake. Duka lililoniuzia jiko halikuwa na mpira wa akiba, nikazunguka Kariakoo mchana mzima kuutafuta. Tena jiko lichomekwe moja kwa moja ukutani, kwa sababu ekstensheni yenye waya mwembamba hupata moto.

Chapati na ugali bado ninavipika kwa mkaa, lakini kisado nilichokimaliza kwa siku moja sasa kinanifikisha siku ya tatu. Umeme ukikatika katikati ya mapishi, mfuniko usiguswe: presha iliyomo huendelea kuivisha kwa muda, na mara mbili maharage yangu yameiva hivyo hivyo.