Spesa ya mwanangu: miezi saba ya kuitumia

Mwanangu ana miaka sita, na pumu anayo tangu ana miwili. Tunaishi Kibokoni, Mombasa, nyumba za kale, kuta zinanyonya maji. Kusi ikishika na mvua za Mei, nyuma ya kabati panaota kuvu. Usiku mmoja wa Mei hiyo kifua chake kililia mluzi, nikawa namfyatulia inhela ya bluu, ile ya kutuliza, mdomoni, naye anakohoa, dawa yote inaishia ulimini. Alfajiri tulikuwa hospitali. Daktari akaniuliza, "Mamangu, spesa yake iko wapi?" Sikuwa nayo. Miaka minne nimenunua dawa bila chombo cha kuifikisha kifuani. Niliumia sana.

Kwa asiyeijua, spesa ni mrija mnene wa plastiki wenye vali. Inhela unaichomeka nyuma. Mbele mtoto anavaa barakoa au anabana kidomo kwa midomo yake. Ukifyatua, dawa inabaki mle ndani mpaka aivute kwa pumzi zake mwenyewe.

Ya kwanza niliuziwa duka moja mjini ikiwa imefungwa kwenye mfuko, bila neno. Kufika nyumbani, barakoa ni ya mtoto mchanga, dawa inavuja mashavuni. Hii ninayoisifu niliipata duka la dawa karibu na Mwembe Tayari, shilingi 1,400. Mfamasia, binti mdogo tu, aliifungua palepale, akamwita mwanangu: "Njoo wewe mwenye kifua." Akamfundisha yeye, mimi nimesimama pembeni. Tikisa. Fyatua mara moja tu. Vuta pumzi tano au sita, polepole. Kama umeandikiwa mifyatuo miwili, ngoja kidogo, tikisa tena, ndiyo ufyatue wa pili. Akamjaribisha kidomo, akaona midomo anaifumba vizuri, barakoa akairudisha kabatini.

Tangu siku ile dawa imekuwa kazi ya watu wawili: mimi nafyatua, yeye anahesabu pumzi kwa vidole. Inhela ya kahawia, ile ya kuzuia, ni asubuhi na jioni hata akiwa mzima, kisha anasukutua mdomo asije akaota utando mweupe. Nikisahau ananikumbusha: "Mama, hujatikisa." Ndiye aliyemwendea bibi yake kuhusu moshi wa udi wa usiku wa Ijumaa. Mimi nilikuwa naona haya kumwambia mamamkwe. Siku hizi bibi hufukiza nguo zake mtoto akiwa madrasa, madirisha wazi. Mbaazi zangu za biashara nazo nimezihamishia uani. Jiko la vifuu haliwashwi tena ndani.

Kasoro zipo. Maelezo yote ni ya Kiingereza, na jirani yangu aliyenunua kama hii alikuwa akiipangusa ndani kwa kitambaa. Haipanguswi. Ioshe mara moja kwa wiki kwa maji ya vuguvugu na sabuni, uiache ikauke yenyewe, kwani kusugua kunaleta umemetuli na dawa inang'ang'ania plastiki. Halafu ni ndefu, haikai kwenye begi la shule. Kale kamluzi kanakolia akivuta kwa pupa kalinitisha wiki ya kwanza, nikidhani ni kifua. Sasa nakapenda, kanamwambia apunguze kasi.

Wapo watakaokwambia inhela ikianza haiachiki. Si kweli, ingawa mimi niliwasikiliza miaka mingi. Na kama 1,400 ni nzito, uliza kliniki wakuonyeshe ile ya chupa ya plastiki ya nusu lita, inayotobolewa kitako kwa kipimo cha mdomo wa inhela. Daktari wetu alisema inafanya kazi.

Naipa nyota nne, ya tano siku watakapotia karatasi ya Kiswahili. Ukienda kununua, mchukue mtoto, na isifungwe kwenye mfuko kabla hajaivutia mbele yako. Ya pili nimeshainunua, iko kwenye droo ya mwalimu wake, jina lake limeandikwa ubavuni kwa wino.